Stesheni Bila Reli

Nachingwea, mkoani Lindi, ina kata iitwayo Stesheni. Bodaboda wote wanaijua, na ukisema "nipeleke Stesheni" hakuna anayekuuliza unasubiri treni ya wapi. Huduma ya treni ilisitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa, na njia ya reli ikaachiwa nyasi. Jina halikuondoka.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya abiria wa Nachingwea. Ilijengwa kwa ajili ya mafuta ya kula ya Waingereza.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haina mafuta ya kupikia, majarini wala sabuni ya kutosha, na chakula bado kilikuwa cha mgao. Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alitembelea Tanganyika, akaona mapori mapana, akarudi London na wazo la kulima karanga kwa mashine. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akatumwa pamoja na wenzake kuandaa mpango. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaupokea. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, na kusini ndiko kulikopangiwa sehemu kubwa zaidi. Wakati huo kusini hakukuwa na bandari ya kina wala reli, na wananchi wa huko hawakuwa wameulizwa kitu.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita yaliyonunuliwa Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa mashine za kung'oa visiki. Mizizi ikavunja majembe, udongo wa Kongwa ukakakamaa baada ya mvua, vipuri havikufika kwa wakati. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mradi umekwisha, na zaidi ya pauni milioni 35 za walipakodi wake zilikuwa zimeteketea. Bandari ya Mtwara, iliyobuniwa ili isafirishe karanga za Nachingwea, ilikuja kukamilika miaka kadhaa baada ya karanga zenyewe kuachwa.

Nilikwenda Nachingwea na Ruangwa kwa sababu ya nchi nyingine. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na kila nikisoma habari zake nakutana na jambo lile lile: karibu mapato yote ya serikali yanatoka kwenye mafuta ghafi, na mafuta hayo yana njia moja tu ya kufika sokoni, mabomba yanayopita Sudan hadi Port Sudan. Nchi ilipata uhuru Julai 2011. Januari 2012 ikafunga visima vyake yenyewe kwa ugomvi wa ada ya bomba na Khartoum, na zaidi ya mwaka ukapita kabla mafuta hayajatiririka tena. Desemba 2013 vita vya ndani vikaanza. Aprili 2023 vikalipuka vya jirani, na Februari 2024 bomba mojawapo likapasuka ndani ya Sudan, kwenye eneo la mapigano ambako mafundi hawakuweza kufika. Watumishi wa umma wa Juba wakakaa miezi bila mshahara, kwa sehemu kwa sababu ya vita ambavyo si vyao.

Nilitaka kuona, mahali ambapo lugha naijua na watu naweza kukaa nao, jinsi uchumi unaotegemea kitu kimoja unavyokwenda pale vita vinapopita jirani. Kusini mwa Tanzania hakujawa na vita kamili ndani ya mipaka yetu tangu uhuru. Lakini vita vimepita kando yake mara nyingi, na kitu kimoja kimetegemewa mara nyingi vilevile.

Kutoka Lindi basi hupita Mtama, kisha Nyangao na Mahiwa. Ni barabara ya mashamba ya mikorosho na vibanda vya ndizi, na abiria wengi husinzia. Mahiwa, Oktoba 1917, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana siku nne, na walioanguka kwa wingi walikuwa askari Waafrika wa pande zote mbili, wakiwamo Wanigeria walioletwa kutoka mbali. Miezi mitatu kabla ya hapo walikuwa wamepigana Narung'ombe, ambayo leo ni kata ya wilaya ya Ruangwa. Wapagazi waliobeba risasi na unga wa majeshi hayo walikufa kwa njaa na kuhara, na vijiji walikopita vilibaki bila chakula. Huo ulikuwa mgogoro mwingine mkubwa wa kiuchumi kwa Wamwera wa huku, baada ya ule wa vita vya Majimaji.

Nanganga ndipo njia ya Ruangwa inapochepuka. Kilomita 53 zilizokuwa za vumbi na tope sasa ni lami. Jimbo la Ruangwa liliwakilishwa na Kassim Majaliwa kuanzia 2010, na kuanzia Novemba 2015 hadi 2025 mbunge huyo alikuwa ndiye Waziri Mkuu. Miaka kumi hiyo inaonekana mjini: ofisi, taa, uwanja wa mpira wenye jina lake. Wenyeji wanaizungumza bila kuficha, na mama mmoja aliyekuwa akiuza ming'oko ya kuchemsha stendi aliniambia kwamba zamani ukisema unatoka Ruangwa, Dar es Salaam walikuuliza iko mkoa gani.

Siku hizi wanaijua kwa Namungo. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na Februari 2021 ikakutana na 1º de Agosto ya Angola kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Baada ya mtafaruku wa vipimo vya UVIKO-19 mjini Luanda, mechi zote mbili zilichezwa Dar es Salaam. Namungo ikashinda ya kwanza 6-2, ikafungwa ya pili 3-1, ikaingia makundi. Ruangwa nzima ilikesha.

Klabu ile ya Luanda ni ya jeshi, na jeshi la Angola limelishwa na mafuta. Nchi hiyo inastahili kutazamwa na yeyote anayelima zao moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Angola ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani. Iliuza pia katani, pamba, mahindi na almasi. Uhuru ulikuja Novemba 1975 pamoja na vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu hadi 2002. Wakulima wakakimbia, njia zikategwa mabomu, mibuni ikamezwa na pori. Visima vya mafuta vya Cabinda vilikuwa baharini na pembezoni, mbali na mapigano mengi, kwa hiyo viliendelea. Kampuni za Kimarekani zilichimba na kulipa kodi kwa serikali ya MPLA iliyolindwa na askari wa Kuba, huku Marekani yenyewe ikiwasaidia waasi wa UNITA waliokuwa wakiipiga serikali hiyo hiyo. Amani ilipokuja, mafuta yalikuwa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya mauzo ya nje. Mara nyingi husemwa kwamba mafuta huleta vita. Angola inaonyesha pia upande wa pili: vita viliua kila kitu ambacho mkulima angeweza kukishika kwa mkono wake, vikaiachia nchi kitu kimoja tu kilichokuwa nje ya uwezo wa raia.

Jambo hili ndilo lililonikaa kichwani nilipotoka Ruangwa mjini kuelekea upande wa Matambarale. Huko kuna mgodi wa kinywe wa Lindi Jumbo, uliobuniwa kutoa tani 40,000 kwa mwaka, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2024. Kinywe ni madini meusi, laini, yenye kung'aa. Ukiyasugua kidoleni yanaacha weusi unaoteleza ambao hautoki kwa maji matupu. Kijana aliyenipakia kwenye pikipiki alinionyesha kipande alichokiokota kando ya njia, akachora nacho mstari kwenye tangi lake la mafuta. Alijua kwamba kinakwenda kwenye betri za magari ya umeme. Alijua pia kwamba bei yake haipangwi Ruangwa wala Dodoma. China ndiyo inayosafisha sehemu kubwa ya kinywe cha dunia, na Desemba 2023 ilianza kudhibiti usafirishaji wa baadhi ya bidhaa zake za madini hayo. Uamuzi wa Beijing unaweza kuinua au kuangusha thamani ya kilima cha Matambarale katika wiki moja.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, miamba ni ya aina hiyo hiyo. Mgodi wa Balama ni miongoni mwa migodi mikubwa ya kinywe duniani. Juni 2022 wapiganaji walishambulia eneo la mradi mwingine wa kinywe huko Ancuabe na kuua watu. Mwishoni mwa 2024, vurugu za baada ya uchaguzi wa Msumbiji ziliwafanya wenye Balama watangaze kwamba hawawezi kutimiza mikataba yao. Mwekezaji aliyekuwa akitafuta kinywe upande ule angeweza kutazama ramani na kuona Ruangwa. Yaani msiba wa jirani umekuwa sehemu ya hesabu ya bahati yetu, na sidhani kama yupo mtu wa kusini anayeifurahia bahati ya namna hiyo, kwa sababu wengi wana ndugu ng'ambo. Si Wamakonde na Wamakua waliouweka mpaka huo.

Ruangwa hadi Nachingwea si mbali. Ukifika msimu wa Oktoba pua inakupokea kabla ya macho: harufu ya mabibo yaliyoiva, tamu na chachu kwa pamoja, yaliyotapakaa chini ya mikorosho. Wanawake huokota, hunyonyoa korosho kwa kuizungusha kwa vidole viwili, bibo huenda kwenye beseni la uraka, kinywaji cha mabibo, na korosho hubaki kwenye jamvi ikianikwa. Bibi mmoja wa Naipanga alinifundisha kuisikiliza. Alijaza kiganja, akatikisa karibu na sikio langu.

"Unasikia inavyolia, mjukuu wangu? Hii imekauka. Isiyolia, ghalani wanairudisha."

Ghalani ndiko uchumi wa wilaya tatu unakopimwa. Chama kikuu cha ushirika cha hapa ni RUNALI, jina lililounganishwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mkulima hupeleka korosho kwenye AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika, inapimwa, inapelekwa ghala kuu, naye anabaki na stakabadhi. Mnada hufanyika, wanunuzi huweka bei, wakulima waliokusanyika husikiliza na kukubali au kukataa. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08 ili kumkomesha kangomba, yule mnunuzi anayekuja na kipimo chake na hela ya haraka wakati mtoto wako amefukuzwa shule kwa kukosa ada.

Ndani ya ghala mpima ubora alikuwa akitoa korosho kutoka kwenye magunia mbalimbali, akizipasua mbili mbili kwa kikatio na kuzipanga kwenye ubao: nyeupe nono upande huu, zilizosinyaa upande ule, zenye madoa na zilizotobolewa na wadudu pembeni. Kutokana na ubao huo mdogo hutokea daraja la kwanza au la pili, na mamia ya shilingi kwa kilo hufuata. Kando yake vijana walikuwa wakishona midomo ya magunia kwa shazia, haraka haraka, bila kutazama mikono yao. Mkulima mmoja alisimama nyuma ya mpima ubora muda wote, mikono mgongoni, akihesabu madoa pamoja naye.

Makato ndiyo mazungumzo ya mnadani. Kila mtu anayajua kwa kichwa: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, utafiti, usafiri. Bei ikitangazwa, wazee hawasemi bei, wanasema kinachobaki.

Mwaka 2018 kilikaribia kutobaki kitu. Msimu wa 2017/18 ulikuwa umevunja rekodi kwa zaidi ya tani 300,000, na minada mingine ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu wa Nachingwea walijenga, wakanunua pikipiki, wakaoza mabinti. Mwaka uliofuata wanunuzi walikuja na bei za chini, nyingine zisizofika shilingi 2,000, na wakulima wakazikataa. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliwaondoa Waziri wa Kilimo na Waziri wa Viwanda na Biashara, akaagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na akalituma jeshi kuikusanya. Malori ya JWTZ yakapanga foleni kwenye maghala. Kila mwenye zaidi ya kilo 1,500 alihakikiwa kama kweli ana shamba au ni kangomba. Uhakiki ulichukua muda, malipo yakachelewa, maduka yakakaa bila wateja. Januari 2019 serikali ikatia saini mkataba na kampuni moja ya Kenya ya kununua tani 100,000, na mkataba huo ukavunjika.

Nimesikia uamuzi ule ukisifiwa na kulaumiwa kwenye benchi moja la kahawa. Aliyelipwa mapema anausifu. Aliyelipwa wakati wa kupulizia salfa ulipokuwa umepita anakuonyesha mikorosho aliyoiuza. Kwa maoni yangu, bei ya 3,300 ilikuwa ya haki. Tatizo lilikuwa kwamba mkoa mzima haukuwa na kitu cha pili cha kuushikilia wakati korosho imelala ghalani. Leo uzalishaji wa nchi umepita tani 500,000, na sehemu kubwa bado inaondoka ikiwa ghafi, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Viwanda 12 vya kubangua vilivyojengwa nchini enzi za Mwalimu Nyerere, vingi vikiwa huku kusini, kwa sehemu kubwa viligeuka maghala au magofu.

Wala haikuhitaji vita kuiua korosho mara ya kwanza. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, wengine mbali na mikorosho yao. Bei ya mkulima ikawa duni. Ugonjwa wa ubwiriunga ukashuka juu ya maua. Ilipofika 1986/87 hazikufika tani 20,000. Msumbiji, iliyokuwa ikiongoza dunia kwa korosho, iliporomoka miaka hiyo hiyo, na huko kulikuwa na vita vya kweli, kuanzia 1977 hadi 1992. Nchi mbili jirani, moja kwa bunduki na nyingine bila bunduki, zikafika chini karibu kwa wakati mmoja. Zilipoanza kuinuka tena, tofauti ilionekana: kwetu mikorosho ilikuwa imesubiri na wenyewe walikuwa hai.

Nje kidogo ya mji kuna Farm 17. Ni namba ya shamba la karanga. Waingereza walipoondoka waliacha mashamba yenye namba, nyumba za mabati, uwanja wa ndege, na serikali ya uhuru ikawapa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, kipande hicho mwaka 1965. Samora Machel aliongoza mafunzo hapa, wakufunzi Wachina wakaja, na wapiganaji walitoka hapa hadi Ruvuma na kuvuka. Kulikuwa na shule, zahanati na mashamba. Walilima chakula chao wenyewe. Baada ya Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, kuuawa kwa bomu Dar es Salaam Februari 1969, Nachingwea ikazidi kuwa kitovu cha chama, na Mei 1975 Samora aliondokea hapa kwenye safari yake ya kutoka Ruvuma hadi Maputo kuelekea uhuru wa tarehe 25 Juni.

"Walikuwa watu wa kazi," alisema mzee mmoja tuliyekaa naye chini ya mwembe, aliyekuwa kijana wakati huo. Nilimwuliza, "Babu, walinunua nini kwenu?" Akacheka. "Waliuza, mwanangu. Korosho, ufuta, karanga. Zilitoka ng'ambo kichwani."

Historia inamuunga mkono. Maeneo ya Cabo Delgado yaliyokombolewa yalilima na kuuza nje kupitia Tanzania, kinamama wakibeba mazao kichwani kwenda na kurudi na nguo, chumvi na majembe. Biashara hiyo ilikuwa moja ya mambo yaliyowagawa FRELIMO. Lázaro Nkavandame, kiongozi wa FRELIMO wa Cabo Delgado, alilaumiwa kwa kugeuza maduka ya ushirika kuwa mali ya wachache, akaondolewa uongozini mwaka 1969 na kwenda upande wa Wareno. Mwaka 1975 alikuwa miongoni mwa wafungwa walioonyeshwa hadharani hapa Nachingwea pamoja na Uria Simango, kiongozi mwingine wa zamani wa FRELIMO. Katikati ya vita vya ukombozi, moja ya mambo yaliyowatenganisha wapiganaji hao lilikuwa swali la nani anapanga bei ya chumvi. Nimelifikiria jambo hilo zaidi kuliko mambo mengine yote niliyoyasikia Farm 17, kwa sababu Cabo Delgado ya leo inaungua kwa swali la aina hiyo.

Mashambulizi ya sasa yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, miaka michache baada ya gesi nyingi kugunduliwa baharini na huku vijana wa pwani wakiona ajira zikienda kwa wageni. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoa wa Mtwara. Machi 2021 waliingia Palma, na mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20. Rwanda ikapeleka askari, nchi za SADC zikapeleka wa kwao, Watanzania wakiwamo. Kwetu nako, Mei 2013, watu wa Mtwara walipambana na polisi kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na damu ilimwagika. Likong'o, jirani na Lindi mjini, imetengewa kiwanda cha kusindika gesi ambacho mazungumzo yake na Equinor na Shell yamekwenda kwa miaka mingi. Kila serikali inayoingia huahidi, na kila kijana wa Lindi anaweza kukutajia mwaka ambao aliambiwa ajira zitaanza.

Nachingwea nayo ina kilima chake cha ahadi. Ntaka kuna nikeli. Kampuni za nje zilitafiti hapo kwa miaka, kisha sheria za madini zikabadilika mwaka 2017 na leseni za kuhodhi maeneo zikafutwa. Indiana Resources ya Australia na wenzake walikwenda mahakama ya usuluhishi, wakashinda Julai 2023 zaidi ya dola milioni 109; mwaka uliofuata serikali ikakubaliana nao kulipa dola milioni 90. Fedha hizo zimetoka hazina, na kutoka Ntaka haijatoka hata tani moja ya kuuza. Nilipotaja kiasi hicho kwenye kibanda cha chakula cha usiku, mwalimu aliyekuwa akila wali na maharage alitoa simu, akabadilisha dola kuwa shilingi, kisha akagawanya kwa bei ya kilo ya korosho. Alikaa kimya muda, akaniuliza kama mahesabu yake ni sahihi. Yalikuwa sahihi.

Sokoni, siku iliyofuata, nilikwenda kuulizia mafuta ya kula. Duka la kwanza lilikuwa na madumu ya njano ya lita ishirini yaliyopangwa hadi dirishani: mafuta ya mawese kutoka Asia, yaliyopitia bandarini. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 alizeti ya Bahari Nyeusi ikakwama. Aprili mwaka huo Indonesia ikazuia kuuza mawese nje kwa karibu mwezi mzima. Na mama lishe wa Nachingwea wakaanza kupima mafuta ya chapati kwa kijiko. Wilaya inayozungukwa na ufuta, karanga na alizeti ilikuwa inalia kwa ajili ya mafuta. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wametoa hata aina ya karanga iitwayo Nachingwea 2009, na inastawi vizuri mikononi mwa wakulima wenye ekari moja au mbili, kwenye ardhi ile ile iliyowashinda Waingereza wenye vifaru.

Nyuma ya soko nilikuta mashine ya kukamua. Mwenye nayo, mtu wa makamo, alikuwa akikamua alizeti ya mama mmoja aliyekuja na magunia yake juu ya bajaji. Mama huyo alisimamia kila debe, akataka mashudu yake yote kwa ajili ya kuku, na akamkumbusha fundi kwamba mara ya mwisho aliyapata pungufu. Mafuta yalitoka mazito, ya moto, na yeye mwenyewe akayachuja kwa kitambaa cheupe alicholeta kutoka nyumbani.

Nilimwuliza mwenye mashine kwa nini hakamui ufuta, ilhali Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa zao hilo.

"Ufuta unakwenda mnadani, kaka. Kule wananunua kwa tani, wanapeleka China, India. Mimi nataka gunia ishirini, nilipie leo, nikamue leo. Nitasimama wapi pale?"

Alikuwa na hesabu zake kwenye daftari la shule: umeme kwa mwezi, vipuri, miezi ambayo mashine inasimama kwa kukosa malighafi, ambayo ni mingi kuliko ile inayofanya kazi. Alikuwa ameandika barua kwa AMCOS yake akiomba kila msimu litengwe fungu dogo la ufuta kwa wakamuaji wa wilayani, kwa bei ile ile ya mnada, bila punguzo. Wakamuaji wengine wawili walikuwa wameisaini, mmoja wao wa Ruangwa. Barua ilipangiwa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama, baada ya korosho kuondoka.